Tusome Nini? Maneno juu ya Kabati la Pili



Katika gazeti letu hili dogo tumezoea kusoma habari za mpira, za chorale, mashairi na mafumbo. Leo tunaomba nafasi ya kuzungumza juu ya jambo lingine. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanités, wale tunaochunga chumba cha vitabu kila siku ya tatu mchana. Tunafungua mlango, tunaandika majina katika kaye ya kuazima, tunafuta vumbi, tunashona vitabu vilivyopasuka. Kwa kazi hiyo tumeona mambo ambayo mtu asiyekaa mle ndani hawezi kuyaona, na kunyamaza kwetu hakungekuwa kuzuri.

Mnajua ya kuwa chumba chetu kina makabati mawili. La kwanza lina vitabu vya heshima: Biblia, kamusi, manueli za kalasi, Molière, fabuli za La Fontaine, L'Enfant noir ya Camara Laye, vitabu vya Zamenga Batukezanga. La pili lina vitabu vya watoto wadogo vyenye picha kubwa, hadithi za picha tunazoita B.D., na magazeti ya zamani yaliyoletwa na wazazi walipokuwa wanahama nyumba. Nafasi ni ndogo, na muchwa wameingia kwa upande wa ukuta. Ndiyo maana katika mkutano wa mwezi uliopita wazo lilitolewa: kabati la pili liondolewe. Vitabu vya watoto viende ku primaire, magazeti yauzwe pa soko kwa kufungia karanga. Mzazi mmoja alisema waziwazi: "Mutoto wa humanités anasoma picha ya nyani, ataweza namna gani Exetat?"

Wote walicheka, na sisi pia. Wazo hilo lina sababu zake, na waliolitoa wanatutakia mema. Dissertation ya Exetat haiandikwi kwa maneno ya B.D. Lakini kabla muchwa au wafanya biashara ya karanga hawajapata haki yao, tunaomba mtusikilize.

Tuanze na jambo ambalo kaye ya kuazima inaonyesha. Kuna wanafunzi, tena wakubwa kwa kimo, wanaofika siku ya tatu wakati watu wengine wameisha kwenda. Wanasimama mlangoni, wanatazama nyuma, kisha wanasema: "Minaomba kitabu ya mudogo yangu. Ile ya picha." Tunawapa. Wiki inayofuata wanarudi: "Mudogo yangu anaipenda, anaomba ingine." Mwanzoni tuliamini kuwa pa Likasi wadogo wote wanapenda kusoma sana. Kisha tukafahamu. Mmoja wao tunajua kwao, ni kitinda-mimba. Hana mudogo hata mmoja.

Hatutawataja, na tunaomba ninyi wengine msiwatafute. Hao ni wenzetu waliopanda kalasi mwaka kwa mwaka bila kushika kusoma vizuri. Walisoma primaire wakiwa themanini na zaidi katika chumba kimoja, au walikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa minerval. Nyumbani tunasema Kiswahili chetu, na wengine Kisanga, Kiluba, Kibemba au Kichokwe. Ku masomo ni Kifaransa. Mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima kwa sauti nzuri, mwalimu akaitika, na yeye mwenyewe asiwe ameshika hata neno moja. Ukimpa mtu wa namna hiyo Molière, anakishika kitabu kama mtu anavyoshika mtoto wa mgeni: kwa heshima, na kwa haraka ya kukirudisha. Lakini kitabu cha watoto anakiweza. Kina maneno machache, na picha inamwambia maana. Anakimaliza. Na mtu aliyemaliza kitabu kimoja anataka kingine.

Wengi wetu tunaikumbuka habari ya yule towashi Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alikuwa amekaa garini anasoma Isaya, kitabu kikubwa na kigumu. Filipo hakumsifu kwa ukubwa wa kitabu. Alimwuliza kama anafahamu, kisha akapanda akakaa pamoja naye. Tunafikiri swali hilo linafaa pia kwa makabati. Kabla ya kuuliza kitabu ni cha heshima gani, tuulize kama mwenye kukishika anafahamu, na nani atakayepanda kukaa naye.

Mwenzetu mmoja wa "mudogo yangu" alianza na kitabu cha watoto mwaka jana. Baada ya miezi alituambia: "Mudogo yangu anaomba ile yenye maneno mingi kidogo." Leo anachukua magazeti, na siku moja alitusahihisha jina la mji kwenye karta. Mwingine alianza vilevile. Kisha chumba kikafungwa wiki nyingi kwa sababu ya dawa ya muchwa, naye hakuja tena siku ya tatu. Baada ya likizo ya Pasaka kiti chake kalasini kilikuwa kitupu. Tunasikia yuko na kaka zake katika mashimo, anachimba. Hatusemi kabati lililofungwa ndilo lililomfukuza. Njaa na minerval vina nguvu kuliko kitabu. Tunasema tu kwamba kila siku ya tatu kulikuwa na kitu kimoja kilichomvuta huku, nacho hakikuwa Molière.

Sasa tuseme juu ya vitabu vyenyewe, aina kwa aina, ili msidhani tunatetea uvivu.

Vitabu vya watoto kwanza. Karibu wote tumelelewa na hadithi za Kalulu, ambazo nkambo alitusimulia jioni karibu na mbabula. Tulijua ujanja wa Kalulu kabla ya kujua a, e, i, o, u. Mwaka jana mwalimu wa Kifaransa alipotusomea fabuli ya sungura na kobe, nusu ya kalasi ilicheka kabla hajafika mwisho, kwa sababu tulijua tayari ni nani atakayefika wa kwanza. La Fontaine alianza kutoa fabuli zake mwaka 1668, naye alichukua nyingi kwa Esopo, Mgiriki wa zamani sana. Basi classique ile tunayoogopa inatoka katika hadithi za wanyama kama zile za nkambo. Aliyepita kwa Kalulu anamkuta La Fontaine kama jirani. Ukimfungia mlango wa Kalulu, La Fontaine anabaki Kifaransa cha nguvu tu.

Pili, magazeti. Katika kabati letu muna namba za Mwana Shaba, gazeti lililoanzishwa mwaka 1957 na Union Minière kwa wafanyakazi wake, na ambalo Gécamines iliendelea nalo. Lilikuwa na mdogo wake, Mwana Shaba Junior, kwa ajili ya watoto. Kwa nini gazeti linafaa kwa msomaji mchanga? Habari ni fupi, picha iko karibu, na mambo mengi ni ya hapa kwetu: mashine, timu za mpira, nyumba za kazi. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa Shituru na Panda. Mwenzetu mmoja alipeleka namba moja nyumbani, na baba yake mkubwa, ambaye hajashika kitabu tangu apate pensheni, aliisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho akiwa amesimama, akitaja watu waliomo katika picha: huyu alikufa, huyu yuko Kolwezi, huyu alirudi Kasai. Tuambieni ni kitabu gani cha kabati la kwanza kilichowahi kufanya hivyo.

Gazeti la zamani linatufundisha pia kuuliza maswali. Ukisoma namba za miaka ya 1980 unaona furaha tu, na kweli katika miaka ile Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini tunajua kilichofuata: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na mwaka 1994 tani hazikufika hata 50,000. Wazee wanatuambia nyufa zilikuwapo mapema. Gazeti la kampuni linasema mambo kwa mdomo wa kampuni. Hilo si dhambi, lakini msomaji anatakiwa ajue ni mdomo wa nani. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha jambo hilo kwa kurasa mbili za gazeti ambalo leo wanataka kulifungia karanga.

Tatu, B.D. Hizi ndizo zinazosemwa vibaya kuliko zote. Wazazi wengine wanakumbuka Jeunes pour Jeunes, gazeti la picha lililoanza Kinshasa mwaka 1968, ambamo vijana walisema Kifaransa na Lingala na hindubill ya barabarani pamoja. Walimu wa wakati ule walilikataza, na wanafunzi walilisoma chini ya meza. Wengine kati yao leo ni walimu, na Kifaransa chao hakikuharibika.

Kuna pia Tintin au Congo. Mwanafunzi mmoja alituuliza: "Ile kitabu inatutukana, juu ya nini beko banaiacha mu kabati?" Swali lake ni la haki. Hergé alianza kuichora mwaka 1930, naye alikuwa hajawahi kukanyaga Congo. Watu wetu amewachora kama wajinga. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliishitaki pa Bruxelles, na mwaka 2012 hukumu ikatoka kwamba kitabu hakitakatazwa. Sisi tulikisoma kwa namna nyingine. Mwalimu alitueleza ya kuwa katika chapa ya kwanza Tintin anasimama katika kalasi ya misioni na kuwafundisha watoto weusi kwamba Ubelgiji ni nchi yao wenyewe. Mwaka 1946, kitabu kilipochorwa upya kwa rangi, somo lile liliondolewa, likawekwa somo la hesabu. Kalasi yetu ilinyamaza kidogo. Kisha mmoja akasema: "Basi balijua." Ndiyo, walijua kwamba maneno yale yalikuwa mabaya, maana mtu hafuti kisicho na doa. Somo hilo hatukulipata katika kitabu kisafi. Tungelikosa kama mtu angalitufichia kile kichafu, na tungelikosa vilevile kama angalituachia bila mwalimu.

Nne, hadithi kubwa za zamani. Hapa tunakubaliana na wazazi: tusipofika kwa hizo, tumebaki njiani. Lakini tunataka kusema jambo juu ya lugha. Katika kabati la pili kuna kitabu kimoja kilichotoka Tanzania, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa na Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885, na Frederick Johnson akakitoa kwa Kiswahili mwaka 1929. Kiswahili chake ni cha pwani, kinatutoa jasho. Lakini jina lake tu, mashimo, limevuta vijana ambao hawajawahi kuomba kitabu. Pa Likasi nani hajui shimo? Waliuliza maswali ambayo labda mwandishi hakuyafikiri: wale wageni wanatafuta almasi, sawa, lakini nani anabeba mizigo? Nani anabaki na mawe mwishoni? Hayo ni maswali ya mtu anayesoma kweli.

Kumbe wenzetu wa mashariki wamesoma vitabu vikubwa kwa Kiswahili tangu zamani. Mwalimu Nyerere alitafsiri Shakespeare mara mbili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hata Molière, huyu huyu wa kabati la kwanza, ana Kiswahili: Mchuuzi Mwungwana ilitolewa mwaka 1961. Kama Molière hana haya kusema Kiswahili, kwa nini sisi tuone haya kumsikia? Tukimsoma kwanza kwa lugha tunayoifahamu, tutacheka pale alipotaka watu wacheke. Kisha twende kwa Kifaransa chake tukiwa tunajua anakusudia nini. Polepole njo mwendo.

Tunajua mtu atasema: Kiswahili cha Tanzania si chetu, na chetu ni cha kusema tu, hakiandikwi. Hilo si kweli, na tunaomba mzingatie habari mbili za nchi yetu hii.

Ya kwanza ni ya mtu aliyezaliwa hapa hapa, wakati mji ukiitwa bado Jadotville. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941. Alitoa Entre les eaux mwaka 1973, akafundisha Lubumbashi na baadaye Marekani, ambako alifariki mwaka 2025. Vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Katika kabati letu la kwanza hakuna hata kimoja. Hatusemi kwa kulaumu, vitabu hivyo ni bei kali. Tunasema ili tujue kwamba mtoto wa Likasi anaweza kuwa ndani ya kabati, kwa jina lake, mgongoni mwa kitabu.

Ya pili ni ya watu wasio na chuo kikuu. Mwaka 1965, pa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, maboyi wa zamani, yaani watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, walikuwa na chama chao. Kwa ajili ya chama hicho André Yav aliandika historia ya mji wao: habari za Mfalme Leopold na Msiri, za mabwana na kazi, za mishahara na majina ambayo watumishi waliwapa Wazungu wao. Aliiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakuiandika kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili cha Tanzania. Aliiandika kwa Kiswahili cha kwetu, kama tunavyosema nyumbani, ikapigwa kwa mashine ya kuandikia na kurudufiwa kwa karatasi, kama gazeti hili mnalolishika mkononi. Katika mwaka 1990 profesa Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na sasa wataalamu wa mbali wanajifunza kwayo namna watu wa Katanga walivyoona wakati wa ukoloni.

Fikirini kama mtu angeliona karatasi zile pa soko mwaka 1966, zimeandikwa Kiswahili cha jikoni, hazina jalada zuri, akasema: hizi ni za kufungia karanga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, kwa heshima, kwa Bwana Prefe, kwa walimu na kwa kamati ya wazazi.

La kwanza: kabati la pili libaki. Sisi wenyewe tutalisogeza mbali na ukuta, tutaliwekea matofali chini ya miguu, na kupaka mafuta yaliyotumika ya motokari ili muchwa wasipande. Mafuta tumeisha kupata kwa mechanicien jirani.

La pili: asiulizwe mtu kitabu anachochukua ni cha nani. Mwenye kusema ni cha mudogo wake, tuandike hivyo hivyo katika kaye. Siku atakapokuwa tayari atasema mwenyewe, na kama hasemi, haidhuru.

La tatu: mara moja kwa mwezi mwalimu mmoja, yeyote anayekubali, akae nasi saa moja katika chumba kile, achague kitu kutoka kabati la pili na kitu kutoka kabati la kwanza, tusome vyote viwili pamoja: Kalulu na La Fontaine, Mwana Shaba na kitabu cha historia. Tunaamini wanafunzi watakuja, hata wale wanaosimama mlangoni.

Na kwenu, ndugu wanafunzi, tunaongeza neno. Nendeni kwa nkambo zenu, kwa baba walioko pensheni, kwa mama wanaouza pa soko, mwombe hadithi moja tu, muiandike kwa Kiswahili kile kile mlichoisikia. Msiogope makosa, tutasaidiana. Tumebakiwa na stensili tano kwa trimestre hii. Mbili ni za matokeo ya mitihani, moja ni ya chorale. Zile mbili za mwisho tumeziweka pembeni kwa ajili ya hadithi zenu. Mtakazoleta tutazishona pamoja na kuziweka katika kabati la pili, zipate wasomaji.

Wanafunzi wachunga vitabu, mwaka wa tatu wa humanités